Samoëns au Flaine: jinsi ya kupima kijiji cha zamani cha skii kabla hujalipa

Picha ya kijiji cha zamani cha Alps inatosha kumfanya mtu atoe kadi ya benki: nyumba za mawe na mbao, mnara wa kanisa, moshi unatoka kwenye dohani, theluji imelala juu ya mapaa. Ikifika Septemba, ndugu na marafiki wa London, Paris na Brussels hunitumia picha hizo wakiuliza kama pale panafaa kuwapeleka watoto Februari. Huniuliza mimi kwa sababu nakaa Annemasse, upande wa Ufaransa wa mpaka wa Geneva, na milima ya Haute-Savoie kwangu ni mwendo wa saa moja. Simjibu mtu mpaka aniambie anakuja na nani. Kijiji kilekile ni raha kwa familia moja na ni wiki ya kuchoka kwa nyingine.

Mimi hutazama mambo mawili kabla ya bei. La kwanza, nani kati yenu hatateleza kabisa. La pili, yule mdogo anayejifunza ataanzia mita ngapi juu ya mlima. Mengine yote, chakula, barabara, fleti, hufuata hapo.

Kwanza ujue unachagua kati ya nini na nini

Vituo vya skii vya Ufaransa vimetokana na historia mbili. Kuna vijiji na miji iliyokuwepo karne nyingi kabla mtu hajawaza kuteleza kwa starehe: Chamonix, Megève, La Clusaz, Samoëns. Watu wake walifuga ng'ombe, wakatengeneza jibini, wakachonga mawe. Skii ilikuja baadaye ikakuta kanisa, soko na shule. Halafu kuna vituo vilivyojengwa baada ya vita kuu ya pili kwenye malisho matupu. Courchevel ilianza 1946, kisha serikali ikaingia kwa nguvu na Mpango wa Theluji wa 1964, mpango wake wa kujenga vituo vya skii milimani, na katika miaka hiyo ya 60 zikaota La Plagne, Avoriaz, Les Arcs na Flaine. Hivi vilipangwa kuanzia juu kwenda chini: mhandisi alitafuta kwanza mteremko wenye theluji, ndipo akaweka nyumba miguuni pake.

Ukitaka kuona tofauti hiyo kwa macho yako, Samoëns na Flaine ndio mfano mzuri kuliko yote ninayoijua, kwa sababu vyote viwili viko ndani ya eneo moja la skii liitwalo Grand Massif, lenye njia za takribani kilomita 265, na tiketi moja inakufikisha kote. Samoëns iko bondeni, mita 720, kando ya mto Giffre. Uwanja wake una mti mkubwa wa kivuli uitwao tilleul, uliopandwa 1438, na mafundi wake wa mawe walisifika Ufaransa nzima. Flaine iko mita 1,600, imejengwa kwa zege tupu kwa michoro ya msanifu majengo Marcel Breuer, ikafunguliwa 1969. Wengi huiona mbaya. Mimi nimejifunza kuiheshimu, hasa jua la mchana linapoangukia kuta zile, na watoto wangu hupenda kukimbia chini ya sanamu kubwa ya msanii Dubuffet iliyosimama pale katikati. Lakini ukweli ni kwamba ukitoka mlangoni Flaine unakanyaga theluji, na ukitoka mlangoni Samoëns unakanyaga barabara.

Nani hatateleza?

Hapa ndipo kijiji cha zamani kinaposhinda, na ushindi wake ni mkubwa.

Mama mkwe wangu hutoka Muscat kuja kukaa nasi wakati wa baridi. Ana zaidi ya miaka 70, magoti yanamsumbua, na hana nia yoyote ya kuvaa mabuti ya skii. Ukimpeleka kwenye kituo kilichojengwa juu ya mlima, baada ya saa mbili amemaliza kila kitu: duka moja la vyakula, maduka ya kukodi vifaa, mikahawa iliyojaa watu wenye mabuti yanayogonga sakafu. Anarudi chumbani na kusubiri jioni. Akiwa Samoëns, ana siku kamili. Jumatano ni siku ya soko. Anavaa koti refu juu ya buibui, shali ya sufu kichwani, anashika mkono wa mjukuu mdogo na wanazunguka meza moja baada ya nyingine. Muuza jibini humkatia kipande chembamba cha tomme kwa ncha ya kisu, yeye huonja, hutikisa kichwa, huonyesha kwa kidole gurudumu jingine la jibini, mpaka wanaelewana bila lugha. Kisha anaketi uwanjani kwenye benchi lenye jua na kuangalia watu. Wale ni watu wa pale pale: mzee aliyetoka kununua mkate, watoto wanaotoka shule. Kijiji kina wakazi zaidi ya elfu mbili wa mwaka mzima, kina daktari, duka la dawa, duka la nyama, duka la mikate, na hakifungi roho yake skii inapofungwa.

Kwa hiyo ukiwa na mzee, mjamzito, mtoto mchanga, au mume aliyeapa kwamba hatateleza, mpe huyo uzito mkubwa kuliko wateleza wote. Anayeteleza atakuwa na furaha mahali popote penye theluji. Asiyeteleza atakuwa na furaha mahali penye maisha tu.

Bondeni pia kuna matembezi ya miguu kwenye njia tambarare, na skii za kutembea, zile nyembamba ambazo hazihitaji kupanda mlima. Mtu mzima anayeogopa miteremko aanze na hizo.

Mita ngapi?

Kila ukipanda mita 1,000, joto hushuka kwa nyuzi sita hivi. Kati ya uwanja wa Samoëns na Flaine kuna karibu mita 900. Maana yake, siku ya Februari ambayo bondeni ni nyuzi nne na mvua inanyesha, juu ni chini ya sifuri na ile mvua ni theluji. Siku za namna hiyo ni nyingi, na zinaongezeka. Mtu aliyelipia picha ya mapaa meupe akaamka akaona majani ya kijani na matope hujihisi ameibiwa, na hakuna aliyemwibia.

Lakini msiishie kwenye mita za kijiji, maana hapo ndipo wengi huikataa Samoëns bure. Swali la maana ni mtoto ataanzia wapi. Uwanja wa wanaoanza wa Samoëns hauko bondeni, uko juu kwenye tambarare ya Saix, mita 1,600, urefu uleule wa Flaine. Gari la waya, kile kibanda kinachopanda kikining'inia kwenye waya, linaloitwa Grand Massif Express hukupandisha kwa dakika nane hivi. Theluji ya mtoto wako, basi, ni theluji ya kituo cha juu, ingawa kitanda chake kiko bondeni. Kuna vijiji vingine ambavyo uwanja wa wanaoanza uko palepale chini kando ya kanisa, mita 900 au 1,000. Hapo napata wasiwasi wa kweli, kwa sababu mtoto wa miaka minne hawezi kupandishwa juu kwenye njia ngumu kwa kuwa tu chini theluji imeyeyuka. Fungua ramani ya njia za kituo, tafuta eneo la wanaoanza, kisha soma namba iliyoandikwa kando yake. Ikiwa chini ya 1,200 na wewe unakuja Machi, tafuta kwingine.

Angalia pia mteremko unaelekea wapi. Miteremko mingi ya Flaine inatazama kaskazini ndani ya bakuli la milima, kwa hiyo jua haliilambi sana na theluji hukaa hadi Aprili. Tambarare ya Saix ina jua zuri, kitu ambacho watoto na walimu wao hukifurahia Januari, lakini jua hilohilo hulainisha theluji mchana wa Machi.

Kuna mashine za kutengeneza theluji kila mahali siku hizi, na zinasaidia, lakini zinahitaji baridi na maji, na maji yamekuwa ugomvi. La Clusaz ilitaka kuchimba bwawa jipya kwenye uwanda wa Beauregard, sehemu ya maji yake yawe ya mashine hizo, na mwaka 2022 mahakama ya utawala ya Grenoble ikasimamisha kibali. Métabief, kituo kingine huko milima ya Jura, imeshatangaza kwamba inajiandaa kuachana na skii ya miteremko kati ya 2030 na 2035 hivi. Nayapenda maeneo haya kwa moyo wote na naumia kuyaandika haya. Mtu anayepanga leo ayajue.

Asubuhi moja, kuanzia kitandani mpaka kwenye theluji

Hii ndiyo gharama halisi ya kijiji cha zamani, na haimo kwenye bei.

Tuseme darasa la mtoto linaanza saa tatu na nusu asubuhi. Flaine, anaamka saa mbili kamili, anakunywa maziwa, anavaa, mnashuka kwa lifti ya jengo na mnatembea dakika chache mpaka kwa mwalimu. Glavu ikisahaulika, baba anarudi kuichukua kabla darasa halijaondoka.

Samoëns unahesabu kinyumenyume. Ili ufike juu kwa wakati, uwe kwenye gari la waya mapema, kabla ya foleni, kwa sababu wiki ya likizo madarasa yote hupanda kwa wakati mmoja. Kufika kwenye kituo chake cha chini ni kutembea au kupanda basi la kituo. Basi husimama karibu na fleti nyingi, lakini wewe umebeba skii zako, skii za mtoto, fimbo, helmeti mbili, na mtoto mwenyewe anatembea na mabuti magumu kama ndoo. Kwa hiyo fanya hivi. Kodi vifaa kwenye duka lililo kituo cha gari la waya au juu kabisa, na ulipie kabati la kuviacha hapo usiku. Fedha hiyo ndogo itakuokolea wiki. Mtoto aende na viatu vyake vya kawaida vya baridi, avalishwe mabuti huko huko. Unapomvalisha, vuta soksi iwe bapa kabisa, toa suruali ya ndani nje ya buti, kisha mwambie apige kisigino chini mara mbili kabla hujafunga kufuli za juu. Mkunjo mmoja wa soksi unatosha kumliza mpaka saa sita. Soksi ni moja tu, ndefu, nyembamba. Mama zetu wa pwani hupenda kuongeza ya pili kwa huruma, na ile ya pili ndiyo inayobana damu na kuleta baridi.

Jioni ni vivyo hivyo. Usitegemee kuteleza mpaka kijijini: karibu wote hushuka kwa gari la waya, na kati ya saa kumi na saa kumi na moja foleni ya kushuka huwa ndefu. Shuka na mtoto mapema. Na mchana, kama mtoto mdogo anahitaji kulala, Flaine analala kitandani mwake, Samoëns inabidi ushuke naye na siku ya kuteleza ya mzazi mmoja imekwisha. Wazazi wenye watoto wawili chini ya miaka mitano, bila bibi wala dada wa kuwasaidia, mimi huwaambia waziwazi waende Flaine. Watoto wakifika miaka saba au minane, warudi Samoëns.

Shule ya skii yenyewe haitofautiani. Shule ya ESF (École du Ski Français), yenye walimu wa makoti mekundu, iko karibu kila kituo, inapokea watoto kuanzia miaka mitatu, na ngazi zake ni zilezile: Piou-Piou, Ourson, Flocon, kisha nyota. Mtoto aliyepata Flocon Samoëns ataendelea na nyota ya kwanza popote Ufaransa. Mtunzie kijitabu chake cha ngazi.

Barabara

Samoëns inafikika kwa barabara ya bondeni kupitia Taninges, isiyo na makona ya kutisha. Kwenda Flaine unapanda kutoka mji wa Cluses, unapita Les Carroz, unavuka kilele cha Pierre Carrée mita 1,844, ndipo unashuka ndani ya bakuli. Mtoto anayetapika garini, dereva aliyezoea barabara za Mombasa au Dar tu: hilo nalo lihesabu. Tangu Novemba 2021 sheria inataka matairi ya baridi au minyororo kwenye maeneo ya milimani, kuanzia tarehe 1 Novemba hadi 31 Machi. Gari la kukodi uwanja wa ndege wa Geneva, upande wa Uswisi, kwa kawaida huja na matairi hayo wakati wa baridi, lakini uliza na uandikiwe. Ukiwa na minyororo, ijaribu kuifunga nyumbani, mikono ikiwa na joto.

Bila gari, treni ya Léman Express inaunganisha Geneva, Annemasse na Cluses, na kutoka Cluses kuna mabasi ya kupanda vituo vyote viwili. Fleti nyingi hukodishwa Jumamosi hadi Jumamosi, kwa hiyo Jumamosi za Februari bonde zima la Arve hujaa magari. Bison Futé, huduma ya taarifa za barabara, hutoa kalenda ya rangi kuanzia siku nyepesi hadi ya msongamano mkubwa kabisa: kijani, chungwa, nyekundu, nyeusi. Siku nyeusi, kama huna budi, uwe umeshapita Cluses kabla ya saa tatu asubuhi. Heri kutafuta mwenye nyumba anayekubali Jumapili, na hao utawapata kijijini kuliko kwenye majengo makubwa ya juu.

Kulala na kula

Majengo ya miaka ya 60 na 70 yana fleti ndogo. Tangazo likisema "watu sita", uliza mita za mraba na uliza vitanda viko wapi, kwa sababu viwili kati yake mara nyingi ni vya ghorofa kwenye korido karibu na mlango, na viwili ni kochi. Familia zetu hazitembei kwa idadi ndogo, na sisi hupika. Kijijini, kwa pesa ileile, hupata jiko lenye meza ya kukaa wote, na nafasi ya mzee kuswali bila watu kumpita mbele.

Wifi yangu wa London, aliye na watoto watatu wakubwa na mama mtu mzima, nilimwambia Samoëns bila kusita, na sababu nusu ilikuwa meza hiyo.

Chakula cha Savoie ni jibini na viazi, na ni kitamu sana kwenye baridi. Ila mjue kilichomo. Tartiflette ina viazi, vitunguu, jibini la reblochon na vipande vya nyama ya nguruwe. Fondue hupikwa na divai nyeupe. Soseji ziitwazo diots ni za nguruwe. Raclette ndiyo rahisi kwetu: jibini huyeyushwa mezani, viazi viko kando, na nyama huletwa kwenye sahani yake, unaweza kusema isiletwe. Tartiflette pikeni wenyewe nyumbani kwa kuku wa kuvuta moshi au uyoga. Nyama ya halali nunueni Annemasse kabla ya kupanda, mfungashe ya wiki nzima, kijijini msiitegemee. Pilau baada ya siku ya theluji ni neema.

Jina la zamani halitoshi

Neno "cha zamani" kwenye tangazo halina maana moja. Chamonix ni ya zamani kweli, Olimpiki ya kwanza ya baridi ilifanyika pale 1924, na asiyeteleza atapata mengi, ikiwemo treni ya Montenvers ya kupanda kutazama barafu kuu. Lakini maeneo yake ya skii yametawanyika bondeni na mengi ni magumu. Anayeanza asiende huko wiki yake ya kwanza. Megève ni nzuri na ni ghali. La Clusaz, kwenye mita 1,040, na Les Gets, kwenye 1,172, zina faida ambayo Samoëns haina: magari na viti vya waya huanzia ndani ya kijiji chenyewe, kwa hiyo unapata soko na mlango wa theluji pamoja. Bei yake ni theluji ya chini isiyo na uhakika. Kuna pia Valmorel, iliyoanzishwa 1976, iliyojengwa mpya kwa sura ya kijiji. Kwa familia ndogo zinazoanza inafanya kazi vizuri sana, ingawa mzee wako hatapata soko la watu wa pale.

Unapoweka nafasi

Angalia kalenda ya likizo za Ufaransa. Nchi imegawanywa kanda A, B na C, na likizo ya Februari huzunguka kwa wiki nne. Paris iko kanda C. Wiki ambayo Paris na London zimegongana ni ghali na imejaa, kwa hiyo sogea kama shule ya watoto inaruhusu. Katikati ya Januari ni baridi, patulivu na bei ziko chini.

Piga simu ofisi ya utalii ya kijiji, watakujibu Kiingereza, na uulize: uwanja wa wanaoanza uko mita ngapi, basi la kituo linapita kila baada ya muda gani asubuhi, na upepo ukisimamisha gari la waya madarasa ya watoto huhamishiwa wapi. Swali hilo la mwisho ndilo litakalokuonyesha kama kituo kimejipanga.

Lipa fleti na shule mapema, kwa sababu hivyo huisha. Tiketi za wakubwa usinunue za siku sita kwa pamoja ikiwa bado mnajifunza. Vituo vingi vina tiketi ya bei nafuu ya eneo la wanaoanza, na siku mbili za mwanzo hamtahitaji zaidi ya hiyo. Chukueni bima ya siku, ni euro chache, kwa sababu kushushwa mlimani na waokoaji hulipiwa. Na kama kuna mmoja wenu anayeteleza vizuri, mwekeeni siku moja ya njia ya Cascades, rangi ya buluu, yaani rahisi, kilomita 14 kutoka upande wa Flaine mpaka kijiji jirani cha Sixt bila kuona mlingoti wa waya hata mmoja. Aangalie asubuhi kama imefunguliwa, maana theluji ikipungua huko chini huifunga. Akifika Sixt, atapanda basi kurudi Samoëns.